Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wote, mwaka wa ukuta

Wanachama wenzangu, wakubwa shikamooni, na wengine habari za siku nyingi. Najua taarifa ya mwaka huwa inaanza na hesabu lakini safari hii naanza na ukuta tunaosaidia kuuchora hapa mtaani, maana ndo uliokula jumamosi zetu zote na ndo mnaoniuliza kila tukikutana dukani.

Mtakumbuka mwezi wa pili tulienda St. Martinville, si mbali na hapa Lafayette, Louisiana, kuona ule mchoro wa Robert Dafford kwenye nyumba ya kumbukumbu ya Waakadia. Futi 12 kwenda juu, futi 30 upana, watu wamesimama na mizigo yao wanakutazama usoni. Hawa Waakadia ndo walowezi wa Kifaransa waliofukuzwa na Waingereza kule Nova Scotia, Kanada, kuanzia 1755, wakatawanywa huku na huku, wengine wakaishia Ufaransa miaka na miaka mpaka 1785 meli 7 zikaleta kama watu 1,600 hapa Louisiana, na jina la Kajuni, wanaloitwa wazao wao, ni hilohilo Acadien limekatwa na midomo ya watu. Kilichonigusa zaidi ni kwamba wengi waliokaa wachorwe sura zao ni wazao wenyewe, yaani mjukuu amesimama mahali pa babu yake. Alafu Dafford huyohuyo ana mchoro mwingine Nantes kule Ufaransa, wa mwaka 1993, pale watu wanapanda meli, kwaio ukuta mmoja wanaondoka, mwingine wanafika, bahari yote iko katikati. Yule mama yetu wa Bukavu alikaa mbele ya ule mchoro tukamwita mara tatu hasikii, alivyogeuka akasema tu, wamebeba vitu vichache kama sisi. Mimi sikuwa na la kuongeza.

Pembeni yake kuna makumbusho ya watu weusi, tukapita pia, na kwakweli nawaomba ambao hawakuja waende, maana huwezi kuzungumzia Wakrioli, wenyeji wa hapa ambao wengi asili yao ni Afrika na Ulaya, ukaacha walioletwa na minyororo kutoka Afrika Magharibi.

Sasa ukuta wetu. Mchoraji wa mtaa huu, dada Mkrioli mnayemjua, ana utaratibu wake, hashiki brashi mpaka amekaa na wazee kwenye baraza zao. Alitubeba twende naye. Wazee wakatusimulia habari za shule, maana katiba ya Louisiana ya 1921 ilisema kufundisha ni kwa Kiingereza tu, mtoto akiropoka Kifaransa anaadhibiwa, na wengi walivyokua wakaamua wasiwafundishe watoto wao ili wasiteswe. Wanachama wetu wa Kongo ndo waliotafsiri, Kifaransa cha hapa kina mambo yake lakini walielewana, na mzee mmoja alishika mkono wa kijana wetu hataki kuuachia. Jamani nilirudi nyumbani siku ile wanangu wananijibu Kiingereza kama kawaida, sikulala vizuri.

Kwenye kikao cha mchoro najua baadhi yenu mlikasirika. Mlitaka mlima Kilimanjaro na twiga, nami nikakataa na bado nakataa, ukuta uko mtaani kwao na hadithi ni yao, sisi tumekaribishwa. Ila tupo humo, kwenye bamia. Lile neno gumbo, jina la mchuzi wao mkuu, limetoka kwenye jina la bamia katika lugha za Kibantu za kule Angola, wazee wenyewe wanalisema hilo kwa fahari, kwaio mchoraji ameweka mmea wa bamia unapanda kutoka chini mpaka juu, na katikati ya majani yake kuna mpiga kodiani, kuna wapanda farasi Wakrioli, kuna wale wa Mardi Gras ya vijijini, sherehe ya kabla ya Kwaresima, na kofia zao ndefu zilizochongoka wakikimbiza kuku wa gumbo. Kuna na lile bati la kukwaruza linalovaliwa mabegani kupigia muziki, frottoir, alilobuni mwanamuziki Clifton Chenier mwaka 1946 na fundi chuma Willie Landry. Sura zote ni za majirani, na maneno ya juu yako kwa Kikrioli chao, wenyewe wanakiita Kouri-Vini.

Hasara ilikuwepo. Mwenye jengo la kwanza alitukubalia kwa mdomo, tukakwangua, tukapiga praima, alafu akabadili mawazo, ndoo zile na wikendi mbili zikapotea. Kosa la kutotaka karatasi ni langu kama mwenyekiti na nawaomba radhi. Ukuta wa sasa una barua iliyosainiwa, mweka hazina anayo, na hesabu zote atawasomea mwenyewe, risiti zipo.

Ada na misiba viko kama mwaka jana, sina jipya.

Kilichobaki ni upande wa mashariki na vanishi, jua la hapa linakula rangi haraka na unyevu nao ukizidi haikauki, hatuwezi kuacha hivihivi. Ambao hamjatoa mchango wa vanishi tafadhali mtoe kabla mwezi haujaisha. Jumamosi hii tunaanza saa 12 asubuhi jua halijawa kali, wenye ngazi ndefu waje nazo, na wanaokuja na watoto tutawapa brashi, sehemu ya chini ya majani imeachwa kwa ajili yao.