Mbu wa Mwanza wapimwe, tusisubiri wagonjwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie homa ya dengue. Milipuko ya mwaka 2014 na 2019 iliitesa zaidi Dar es Salaam, na huku Kanda ya Ziwa wengi tuliisikia redioni tu. Lakini mabasi kutoka Dar yanashusha abiria Nyegezi kila siku, na mbu wetu akimuuma mwenye virusi, anaweza kuvisambaza.

Mbu huyo, Aedes aegypti, si yule wa malaria tunayemkwepa kwa chandarua usiku. Huuma mchana, na huzaliana kwenye maji yaliyotuama karibu na watu: matairi chakavu ya gereji, ndoo, madumu, makopo. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi yakisubiri mvua. Tena jike aliyeambukizwa anaweza kuvirithisha virusi kwa mayai yake, jambo linalonitisha kuliko yote.

Naomba Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela waweke mitego mitaani, hasa penye gereji na masoko, kisha mbu watenganishwe kwa aina na kupimwa virusi maabara. Utaalamu hauko mbali; Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo hapa hapa Mwanza. Virusi vikionekana kwa mbu, mtaa husika usafishwe mapema, na zahanati zijulishwe, kwa kuwa dalili za mwanzo hufanana na za malaria. Matokeo yabandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa, wananchi tuyasome.

Mkazi wa Mabatini,
Mwanza