Una 97, Tuzo Inakwenda kwa Mwenye 94

Tanga

Ndugu yangu Swaleh,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, ila mvua imetufungia ndani, ndiyo maana nimepata wasaa wa kukujibu kwa kirefu.

Unasema gemu bora ya mwaka ni kuangalia tu Metacritic, ile tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kutoa wastani juu ya 100, mwenye wastani mkubwa abebe kombe. Hapana, bwana. Mwaka 2018 Red Dead Redemption 2 ilikuwa na 97, God of War 94. Usiku wa The Game Awards, zile tuzo za gemu za kila mwaka, Red Dead ilizoa tuzo nne, za hadithi, muziki, sauti na uigizaji, lakini kombe lenyewe likaenda kwa God of War. Na 2021 ilishinda It Takes Two kwa 88 zake, gemu ambayo bila mwenzako huwezi hata kuianza.

Ila hujapotea njia kabisa. Tazama nani wanaopiga kura kwenye tuzo hizo. Jopo lina asilimia 90 ya kura, sisi wachezaji tumeachiwa 10. Jopo lenyewe ni vyombo vya habari zaidi ya 100, na vingi ni vilevile vinavyotoa alama. Watu wanadhani alama zinamshawishi mwamuzi, kumbe mwamuzi ndiye aliyezitoa! Mhariri ambaye gazeti lake liliipa gemu 10 mwezi Machi, akiletewa karatasi ya kura Novemba, unadhani ataikana?

Kwa hiyo alama kazi yake kubwa ni mlangoni, kuamua nani aingie kwenye orodha ya wateule. Wateule sita wa 2024, watano walikuwa na 90 au zaidi. Wa sita ni huyo kipenzi chako, Black Myth: Wukong, na 81 zake. Kura za wachezaji peke yao zikaipa Wukong tuzo iitwayo Players' Voice, jopo likaipa gemu ya Astro Bot kombe. Hasira zako nazielewa, lakini kwa hesabu ya 90 kwa 10 ulitarajia nini? Wakishaingia ndani, tofauti ya pointi mbili tatu haina maana tena. Hapo mtu anapigia kura gemu iliyomkaa moyoni. Kalenda nayo ina lake: Super Smash Bros. Ultimate ilitoka Desemba 2018, ikachelewa tuzo za mwaka ule, ikabidi isubiri kugombea 2019.

Mimi kombe halininyimi usingizi. Kinachoniuma ni pale alama zinapoingia kwenye mifuko ya watu. Studio ya Obsidian walipotengeneza gemu ya Fallout: New Vegas mwaka 2010, bonasi yao ilitegemea kufikisha 85 Metacritic. Wakapata 84. Pointi moja, Swaleh!

Msalimie shemeji na watoto. Na ile pedi yangu uliyoazima, mpe yeyote anayekuja huku, nimechoka kucheza na ya kuungaunga.

Wako,
Hamisi