Mafuta ya bangi: ile video imesema nusu tu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Ujiji. Karibu wiki mbili zilizopita binti mmoja wa jirani alikuja barazani kwangu na chupa ya soda yenye mawese yaliyogeuka meusi. Nilipofungua kizibo, harufu ikajitambulisha yenyewe: bangi, imechemshwa humo. Alikuwa akimpa mwanawe wa miaka sita, mwenye kifafa, kijiko asubuhi na kijiko usiku. "Bibi, hebu ona," akanipa simu. Kwenye video, mtoto wa Kizungu anatetemeka, anadondoshewa mafuta mdomoni, anatulia.

Vidonge vyake vya kifafa, fenobabitoni, alikuwa amemwachisha siku tatu nyuma. Hapo ndipo nilipoogopa, maana kuviacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, na hicho huua.

Sikumwambia kuwa video ni ya uongo. Uingereza, tangu Novemba 1, 2018, daktari bingwa anaruhusiwa kuandika dawa zinazotokana na bangi, na ipo moja, Epidyolex, kwa aina chache za kifafa sugu cha utotoni. Lakini hiyo ni kanabidioli iliyosafishwa, ile sehemu isiyolevya. Mtoto anapimwa uzito, anaanza na miligramu 2.5 kwa kila kilo mara mbili kwa siku, kisha anaongezewa taratibu. Anapimwa damu kuangalia ini, hasa kama anameza pia valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Tena vidonge vyake vingine hanyang'anywi, mafuta yanaongezwa tu juu yake.

Sasa kijiko cha mawese kina miligramu ngapi, na za nini? Aliyeyapika mwenyewe hajui. Bangi ya shambani ina THC, ile inayolevya, na ikiliwa huchelewa kupanda, saa nzima hata mbili. Mzazi anaona kimya, anaongeza kijiko. Binti huyu alikiri kuwa siku moja mtoto alilala tangu asubuhi hadi adhuhuri ya siku ya pili yake, naye akashukuru kwamba "amepumzika".

Na hapa kwetu bangi ni haramu, sheria ya mwaka 2015 iko wazi. Ndugu zetu wa ughaibuni walioandikiwa dawa hizo huko wasije nazo mfukoni kwa kutegemea cheti cha daktari wao. Wawaulize kwanza Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Ila nisimlaumu binti peke yake. Zahanati anakochukulia vidonge imemrudisha mikono mitupu mara tatu mwaka huu. Mtu akikosa kidonge cha bei rahisi kuliko soda, utamzuiaje kusikiliza simu?

Siku ileile tulipanda bajaji hadi hospitali, mtoto katikati yetu. Chupa niliimwaga chooni, mawese mazuri ya watu. Tukapewa vidonge vya wiki mbili. Vinaisha Alhamisi hii.

Muuguzi mstaafu,
Ujiji, Kigoma