Kamera haitaponya podikasti isiyo na ratiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nichangie makala iliyochapishwa hivi karibuni na gazeti lako, ambayo mwandishi wake aliwashauri watayarishaji wa podikasti, yaani vipindi vinavyotolewa mtandaoni kwa mfululizo, waache kurekodi sauti peke yake na wanunue kamera, kwa hoja kwamba siku hizi asiyeonekana hasikiki. Nakubaliana naye nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu nimeendesha podikasti ya mazungumzo kwa miaka kadhaa, nikaiua kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nikaifufua, na kilichoiua hakikuwa ukosefu wa picha. Iliuawa na kamera.

Nianze na pale ambapo mwandishi ana haki. Neno podikasti lilipotokea katika gazeti la The Guardian la Uingereza mwezi Februari 2004, na hata Apple ilipoziingiza podikasti katika programu yake ya iTunes mwezi Juni 2005, mpango mzima ulitegemea mlisho wa RSS, yaani orodha fupi ya maandishi ambayo programu ya msikilizaji huikagua yenyewe na kuvuta kipindi kipya kila kinapotoka. Mpango huo ni mzuri kwa mtu ambaye tayari anakufahamu, lakini haumsaidii kitu asiyekufahamu, kwa kuwa mlisho hauna mlango wa mbele ambao mpita njia anaweza kuchungulia. Msikilizaji mpya alikuja kwa kuambiwa na rafiki, basi. Video imeleta mlango huo. Mtu anatafuta jibu la swali lake, anakutana na mazungumzo ya saa nzima ambayo hakujua kuwa yapo, anabaki. Ndiyo maana Google iliifunga programu yake ya Google Podcasts mwaka 2024 na kuwaelekeza watumiaji YouTube Music, na ndiyo maana mwezi Februari 2025 YouTube ilitangaza kuwa watu zaidi ya bilioni 1 kila mwezi hufuatilia podikasti katika mtandao huo. Anayeyapuuza mabadiliko haya anajinyima wasikilizaji.

Tatizo la makala ile ni kwamba inaizungumzia kamera kama kifaa kinachoongezwa juu ya kazi iliyopo, kama mtu anavyoongeza kiti mezani. Kumbe kamera huibadilisha kazi yenyewe, na hasa huubadilisha uhariri. Katika sauti, mgeni akikohoa, akirudia sentensi au akipotea katikati ya hadithi, mhariri hukata sekunde arobaini na hakuna sikio litakaloligundua kovu. Katika video, ukikata sekunde hizo hizo, kichwa cha mgeni kinaruka kutoka bega moja hadi jingine, na mtazamaji anajua kuwa ameondolewa kitu. Ili kulificha kovu hilo unahitaji kamera ya pili. Ukishakuwa na kamera ya pili, unahitaji kulinganisha saa za vifaa vitatu, kwani kamera mbili na kinasa sauti, kila kimoja kikienda kwa saa yake, vinaweza kuanza pamoja na kumaliza mazungumzo ya saa moja huku midomo ikitangulia maneno. Wazoefu hupiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni na jingine mwishoni ili wapate alama za kulinganishia. Mimi nilijifunza kofi la mwishoni baada ya kipindi cha tano.

Uzito wa mafaili nao si jambo dogo. Saa moja ya sauti iliyobanwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde ni megabaiti 58 hivi, ambayo hupakiwa mtandaoni huku ukinywa chai. Saa hiyo hiyo ya video kwa megabiti 5 kwa sekunde inafika gigabaiti 2.25, na hapo tunazungumzia faili lililokamilika tu, si malighafi ya kamera zote mbili. Nilikuwa nimewatangazia wasikilizaji wangu kuwa kuanzia siku ile kipindi kitatoka kila wiki, kwa video. Uhariri uliokuwa ukinichukua jioni moja ukaanza kula jioni tatu. Wiki ya tisa nilichelewa siku mbili, wiki ya kumi sikutoa kitu, na baada ya hapo kila wiki iliyopita iliifanya aibu ya kurudi kuwa kubwa zaidi, mpaka nikaacha kabisa bila kuaga. Baada ya miezi miwili msikilizaji mmoja aliniandikia kuniuliza kama naumwa.

Swali lake lilinifundisha jambo kuhusu ratiba ambalo makala yako haikuligusa. Wengi husema kuwa toleo lazima litoke kwa siku maalumu ili mitambo ya mtandao inayowapendekezea watu vipindi ikupende. Mimi naona sababu ni binadamu. Msikilizaji wa podikasti huiingiza katika shughuli yake fulani, iwe safari ya asubuhi, kufua au kutembea jioni, na kipindi kikikosekana siku hiyo, nafasi ile haikai wazi ikikungoja. Inajazwa na sauti nyingine, na baada ya mara tatu sauti hiyo ndiyo inakuwa mazoea yake. Kwa hiyo siku ya kutoa kipindi ni ahadi, na ahadi inapaswa kupimwa kwa wiki yako mbaya kuliko zote: wiki ya kuuguliwa, wiki ya mitihani, wiki ambayo mgeni ameghairi saa moja kabla. Kama katika wiki ya namna hiyo huwezi kutoa kipindi, basi mwendo huo si wako, hata kama wiki tatu za kwanza uliumudu kwa raha. Nilipofufua podikasti yangu nilichagua kila baada ya wiki mbili, na sikutangaza chochote kabla ya kuwa na vipindi vinne vilivyokwisha kuhaririwa kabatini. Akiba hiyo imenivusha katika malaria, katika kompyuta iliyoharibika, na katika mgeni aliyeomba mazungumzo yake yasitolewe kabisa. Kila ninapotumia kimoja, kazi yangu ya kwanza ni kukirudishia mwenzake. Ninapochoka, natangaza mwisho wa msimu na tarehe ya kurudi, jambo ambalo wasikilizaji hulipokea vizuri kuliko kimya.

Mwandishi aligusia pia mapato, na hapa hesabu inafaa ifanywe hadharani. Ili upate mgawo wa matangazo katika YouTube kwa njia ya video ndefu, unatakiwa uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Tuchukulie kuwa kila anayefungua kipindi chako hutazama dakika 20. Saa 4,000 ni sawa na kufunguliwa mara 12,000. Anayetoa vipindi 26 kwa mwaka anahitaji kila kimoja kifunguliwe mara 462 hivi; anayetoa 52 anahitaji mara 231; lakini aliyetoa sita vya kifahari, vyenye taa tatu na pazia la nyuma, kisha akaishiwa pumzi, anahitaji kila kimoja kifunguliwe mara 2,000. Na bado sijahesabu kwamba katika kipindi cha ishirini mtazamaji mpya akipendezwa anakuta kumi na tisa vya kurudi kuvitazama.

Je, mtu aache video? Hapana. Aianze kwa kiwango atakachokimudu. Kamera moja isiyosogea, hata ile ya simu, inayowaonyesha wote wawili kwa pamoja, inatosha kwa mwaka mzima, mradi dirisha liwe mbele ya wazungumzaji na si nyuma yao, na mazungumzo yaandaliwe vizuri kiasi cha kutohitaji kukatwa sana. Fedha ya kwanza iende kwenye maikrofoni. Watu huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini hakuna anayevumilia mwangwi wa chumba kitupu kwa dakika arobaini. Baada ya hapo itafutwe dakika moja au mbili zilizo na uzito, mara nyingi pale mgeni anaponyamaza kabla ya kujibu, zikatwe kwa umbo la wima na kuwekwa maandishi, kwa kuwa wengi hutazama vipande hivyo bila kufungua sauti. YouTube imeruhusu vipande vya namna hiyo vifike dakika tatu tangu Oktoba 2024, ingawa kwa maoni yangu dakika tatu ni nyingi mno kwa mtu ambaye hajakufahamu.

Toleo la sauti nalo lisitupwe. Saa moja ya video hata kwa kiwango cha chini cha megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 za msikilizaji, karibu mara nane ya sauti, na wapo wengi ambao tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama watakusikiliza au la. Isitoshe, mlisho wa RSS ni wako na unaweza kuuhamishia kwa kampuni nyingine ya kutunza vipindi, wakati ukurasa wa video ni nguo ya kuazima ambayo mwenyewe anaweza kuidai wakati wowote. Kwa heshima ya wasikilizaji hao, mwendeshaji ajizuie kusema “kama mnavyoona hapa”. Asome kilichopo, aeleze picha, ataje jina la anayecheka. Nimegundua kuwa hata watazamaji hufaidika, kwani wengi wao wameiweka simu kifudifudi mezani.

Mwishoni mwa makala yake mwandishi aliahidi kuendelea na aina za kamera. Ningemwomba, kabla ya hapo, awatafute watayarishaji watano walioacha, si waliofaulu, awaulize kila mmoja alikuwa na vipindi vingapi kabatini siku aliyotoa cha kwanza. Mimi nilikuwa na kimoja, na ndicho nilichokitoa.

Wako,
Mtayarishaji wa podikasti na msomaji wa gazeti lako