Karatasi ya kamanda haimfungi hakimu

Mhariri,

Makala yenu juu ya vijana wetu walio katika jeshi la Marekani ilieleza vizuri mishahara na uraia. Watoto wao mliwapitia juujuu: eti askari aliyeachana na mwenzake anajaza mpango wa malezi ya familia, basi, anasafiri. Si hivyo.

Mpango huo (kwa jeshi la nchi kavu ni fomu DA 5305) unamwonyesha kamanda kwamba mtoto ana wa kumtunza. Hauifungi mahakama. Ukimwandika bibi yake kuwa mlezi ilhali baba yupo na anamtaka mwanawe, baba anaweza kufungua kesi na akampata.

Kinga iko kwenye SCRA, sheria ya shirikisho inayowalinda wanajeshi katika kesi za madai wakiwa kazini. Ukishtakiwa ukiwa mbali kikazi, omba kesi iahirishwe kwa angalau siku 90. Ambatisha barua yako inayoeleza kazi inavyokuzuia na tarehe utakayoweza kufika, pamoja na ya kamanda inayothibitisha kuwa huwezi kuja na hujaruhusiwa likizo. Nakala ya amri ya safari peke yake haitoshi. Tangu mwisho wa 2014 hakimu haruhusiwi kukunyima mtoto kwa sababu tu umepelekwa ng'ambo; lakini upande wa pili ukileta sababu nyingine, kinga hiyo inapungua nguvu.

Sheria za majimbo ndizo zinazosaidia zaidi, na hazifanani. Majimbo kadhaa, Minnesota likiwemo, yamepitisha sheria ya mfano ya 2012, iliyoandikwa ili majimbo yaige, kuhusu malezi ya watoto wa wazazi wanaopelekwa mbali kijeshi. Chini ya sheria hiyo, ukishapata taarifa ya kuondoka una siku 7 za kumjulisha mzazi mwenzako kwa maandishi. Mkielewana, andikeni makubaliano, mtie saini nyote pamoja na ndugu atakayeshika nafasi yako. Mzazi mwenzako asipokubali zaidi, ndugu huyo hapati muda mwingi kuliko uliokuwa wako: kama amri ya mahakama ilikupa wikiendi mbili kwa mwezi, hata shangazi atapata hizohizo, pengine na muda wa usafiri. Na bila ridhaa yako mahakama haitoi amri ya kudumu ya malezi wakati uko huko.

Kuna wanaotaka kumpeleka mtoto kwa bibi Mombasa au Moshi mpaka warudi. Pasipoti ya Marekani ya mtoto aliye chini ya miaka 16 kwa kawaida inahitaji ridhaa ya wazazi wote wawili. Asiyeweza kufika anajaza fomu DS-3053 mbele ya mthibitishaji wa hati. Ridhaa ya pasipoti si ridhaa ya mtoto kuhamia huko. Hiyo iandikwe peke yake, ikiwa na tarehe ya kurudi, la sivyo unaweza kushtakiwa kwa kumtorosha.

Ukirudi, mpe mzazi mwenzako taarifa ya maandishi mara moja. Pasipo makubaliano mengine, sheria ya mfano inaipa mipango ya muda ya malezi, iliyowekwa ukiwa mbali, siku 60 kabla ya kukoma, nazo huhesabiwa kuanzia siku ya taarifa, si siku uliyotua.

Msaidizi wa sheria,
Minnesota