Mhariri, huo mtambo wa Mtwara unaanza lini?

Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lenu sijawahi kuandika hata mstari, ila ile habari yenu ya wiki jana, ya mtambo wa gesi wa megawati 300 hapa Mtwara, imenishinda. Mmeandika "unatarajiwa kujengwa". Kitinda mimba wangu alikuwa chekechea tulipoanza kusikia hilo neno, sasa hivi yupo sekondari.

Naomba nieleweke, mtambo siupingi, nautaka. Tena huu wa mizunguko miwili ndio wenyewe, gesi inazungusha mashine ya kwanza halafu lile joto la moshi halipotei hewani, linachemsha maji, mvuke unazungusha mashine ya pili, gesi ileile umeme mwingi zaidi. Kinyerezi II ni wa hivyohivyo, megawati 240, ulizinduliwa 2018, na upo Dar ambako gesi yetu inafika kwa bomba la zaidi ya kilomita 500. Sasa huku Madimba, hapahapa Mtwara, inakoanzia safari kinashindikana nini?

Mi nauza samaki Mikindani. Juzi umeme umekatika Jumamosi jioni, friza imejaa kolekole na changu wa kupeleka Masasi Jumatatu, nikasema utarudi tu, nikaifunika na mablanketi nisiifungue, Jumapili usiku naamka kunywa maji nakanyaga majimaji sakafuni, namulika na tochi ya simu naona maji mekundu yanatoka chini ya friza mpaka mlangoni, nimefungua, samaki ukimbonyeza shimo linabaki hapohapo halirudi, mashavu yamekuwa rangi ya udongo. Nimepiga simu naambiwa fundi yupo njiani. Umeme umerudi Jumatatu mchana, mi nimeshachimba shimo nyuma ya nyumba nimefukia mzigo wote, na ile hela ilikuwa ya kikundi, rejesho Alhamisi, kina mama wenzangu wananisubiri. Mhariri, nimelia pale shimoni kama nazika mtu.

Na jikoni nako napikia mkaa! Gesi imegunduliwa Mnazi Bay, huku kwetu Mtwara, 1982, mabomba ya kupikia yamefika kwenye nyumba za wenzetu mjini, mtaani kwetu hayajafika, gunia la mkaa kila siku linapanda. Mwaka 2013 watu wa mji huu walipoteza maisha kwenye vurugu za kupinga bomba la gesi hii kwenda Dar, tusisahaulishwe hilo.

Ninachoomba ni kitu kimoja. Wekeni bango soko la samaki, pale mlangoni, la bati, liandikwe kwa rangi: hela imepatikana au bado, mkandarasi amepatikana au bado, jiwe la msingi lini. Kila tarehe 1 mhusika wa mradi aje mwenyewe saa moja asubuhi boti zikiwa zinashusha, abadilishe maandishi mbele yetu. Kama hakuna kilichobadilika aandike hivyohivyo "hakuna", na tarehe. Rangi na brashi nitatoa mimi.

Muuza samaki, Mikindani