“Updo”, “upsweep”, “upswing”: jinsi tunavyotafsiri maneno ya kupanda

Mteja wetu mmoja mwenye saluni alituletea kurasa nne za mitindo ya nywele zilizokwisha kutafsiriwa na programu ya kompyuta. Alitaka tuzipitie haraka kabla hazijaenda kwa mchapaji. Ukurasa wa pili ulikuwa na picha ya bibi harusi: nywele zimechanwa kuanzia kisogoni na kwenye panja, zimepandishwa, zikabanwa utosini kwa pini, shingo yote iko wazi. Chini ya picha pameandikwa, “Kufagia juu laini.” Kwa Kiingereza ilikuwa “soft upsweep”.

Kwa mujibu wa kamusi programu haikukosea, maana “sweep” ni kufagia. Lakini neno hilohilo Waingereza hulitumia kwa chochote kinachopita kwa mkupuo mmoja mrefu usiokatika: ufagio sakafuni, brashi ya mchoraji, mkia wa gauni refu, chanuo kwenye nywele. “Upsweep” ni mpito huo ukielekea juu. Na “soft” hapo haihusu ulaini wa nywele, inahusu ubanaji wake. Tuliandika, “Nywele za kupandisha, zimebanwa bila kukazwa.” Msusi akisoma hivyo anajua mkono wake uanzie wapi, na bibi harusi anajua kichwa hakitamuuma.

Ukurasa huohuo ulikuwa na “updo” mara tatu, na kila mara programu ilikuwa imelitafsiri sawasawa na “upsweep”. Haya si maneno mawili ya kitu kimoja. “Updo” limezaliwa na “hairdo”, na “hairdo” limetokana na usemi wa kawaida wa Kiingereza wa kutengeneza nywele, “do one's hair”. Ni jina pana: mtindo wowote ambao nywele hazikuachwa zining'inie. “Upsweep” linataja mwelekeo. Chukua “chignon”. Ni “updo” kamili, lakini songo lake hukaa chini, juu kidogo ya shingo, na hata asili ya neno lenyewe katika Kifaransa ni sehemu ya nyuma ya shingo. Ukiliita “nywele za kubana utosini” umemdanganya mteja aliyelipia kitu kingine. Kwa “updo” sisi huandika “mtindo wa kubana”, na pale tu picha inapoonyesha nywele zimekwenda juu ndipo tunaongeza “wa kupandisha”.

Mtindo uliotusumbua zaidi ni “beehive”. Ulibuniwa mwaka 1960 na Margaret Vinci Heldt, msusi wa Chicago, baada ya jarida la wasusi kumwomba mtindo mpya, naye akachukua umbo la kofia yake ndogo ya mahameli. Tafsiri ya neno kwa neno ni mzinga wa nyuki, na inavutia. Tatizo ni kwamba mzinga unaochorwa katika vitabu vya Kiingereza ni wa nyasi zilizosukwa, umesimama kama kuba. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea mzinga wa gogo, umelazwa na kutundikwa mtini, anapata picha tofauti kabisa kichwani. Kwa hiyo tuliacha “mzinga”, tukaongeza maneno matatu: “uliosimama kama kuba”. “Pompadour” hatukuligusa. Hilo ni jina la mtu, Madame de Pompadour wa Ufaransa (1721–1764), na jina la mtu halitafsiriwi. Tulieleza tu kwamba nywele za mbele huinuliwa juu ya paji la uso.

Kazi hii ya saluni ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya, lakini kosa lilelile tunaliona kwenye ripoti za biashara, mikataba na maelezo ya filamu. Kiingereza huchomeka “up” mwanzoni mwa neno. Kiswahili huuweka mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe: panda, inuka, kwea, paa, ibuka. Ndiyo maana “kupanda juu” mara nyingi ni neno moja zaidi ya linalohitajika. Ukiona “upswing” katika ripoti ya mauzo, fikiria bembea: lilikuwa chini, sasa linarudi. “Mauzo yameanza kupanda tena” ndiyo sahihi, na hilo “tena” lisidondoke. “Upsurge” lina wimbi ndani yake, hivyo lazima kuwe na ghafla. Hapo tunakwepa neno “mfumuko”, kwa sababu msomaji akiliona tu anasikia mfumuko wa bei. “Upbringing” ni malezi na “uprising” ni uasi, wala hakuna “juu” inayohitajika. “Uproar” halina hata uhusiano na ngurumo, ingawa linaonekana hivyo. Limetoka Kiholanzi, “oproer”, na sehemu yake ya pili ni mtikisiko.

Hatari kubwa iko kwenye mpangilio. “Uphold” ni kuunga mkono au kuthibitisha, lakini “hold up” ni kuchelewesha, au hata kupora kwa silaha. Tumewahi kupokea mkataba ambamo uamuzi uliothibitishwa ulikuwa umetafsiriwa kuwa uamuzi uliocheleweshwa. Aliyetia saini angeamini kinyume cha alichokubali. Nywele zikibanwa vibaya zinafumuliwa; saini haifumuliki.

Na wakati mwingine “upsweep” si nywele wala ufagio. Kuna sauti ya chini ya bahari ya Pasifiki yenye jina hilo, iliyokuwa ikisikika tangu watafiti wa NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, walipoanza kurekodi kwa vipaza sauti vya majini Agosti 1991. Imeitwa hivyo kwa sababu kila mlio huanzia chini ukapanda. Katika maelezo ya filamu tungeandika “mlio unaopanda”, basi.

Kwa hiyo unapotuletea kazi yenye maneno haya, tunaomba vitu viwili. Kwanza picha, kama ipo, hata iliyopigwa kwa simu. Pili utuambie msomaji ni nani: msusi anahitaji kujua pini ziingie wapi, mteja wake anahitaji kujua ataonekanaje. Kama maandishi yatasomwa kwa sauti, tutakuwekea alama za mkazo, kwani “uplift” likiwa nomino mkazo huanguka kwenye “up”, likiwa kitenzi huhamia kwenye “lift”. Kurasa zilizokwisha kutafsiriwa na programu tunazipokea pia, ila utuletee na Kiingereza chake. Bila hicho, “kufagia juu laini” tungebaki kuikisia.